Heko kwa Mafundi wa Karata na Hesabu

Kuna wanamazingaombwe wasiotegemea wepesi wa vidole, bali hesabu. Hao nawavulia kofia.

Tazama kazi yao. Karata 21, mtazamaji anachagua moja moyoni. Fundi anazigawa kwa zamu katika safu tatu za karata saba saba, anaambiwa safu yenye karata hiyo, anaiweka safu hiyo katikati ya nyingine mbili, kisha anagawa upya. Akifanya hivyo mara tatu, karata iliyochaguliwa ni ya 11. Siri? Mara ya kwanza zinabaki karata saba za kushukiwa, mara ya pili hazizidi tatu, mara ya tatu ni moja tu.

Mmoja wao, Persi Diaconis wa New York, aliondoka kwao akiwa na miaka 14 kumfuata gwiji wa mazingaombwe Dai Vernon. Baadaye akawa profesa wa Chuo Kikuu cha Stanford. Mwaka 1992, yeye na mwanahisabati Dave Bayer walionyesha kwamba karata 52, zikigawanywa mafungu mawili na kupenyezwa, zinahitaji kuchangwa takriban mara saba ili zichanganyike vizuri.

Mwalimu wa hesabu, kesho ingia darasani na karata 21.