Miaka 50 kwa Mkato Mmoja

Watu wakitoka kutazama filamu ya mashujaa husifu waigizaji, wakasifu na mapigano. Mhariri hatajwi. Mimi namtaja kwa jina: John Ottman, aliyehariri X-Men: Days of Future Past ya mwaka 2014.

Kisa kimetoka katika hadithi ya katuni ya Chris Claremont na John Byrne iliyochapishwa mwaka 1981. Katika filamu, mwaka 2023 roboti ziitwazo Sentinel zimewamaliza karibu mashujaa wote wa kundi la X-Men. Waliosalia wamejificha China, kwenye nyumba ya watawa mlimani. Kitty Pryde, mmoja wao, anaipeleka akili ya mwenzake Wolverine hadi 1973, ndani ya mwili wake wa zamani, akazuie mauaji ya Bolivar Trask, mbunifu wa roboti hizo. Mwili wa 2023 unabaki umelala. Historia haigeuki mpaka aamke.

Hapo mhariri anaingia kazini. Ukiwaza kwa utulivu, mambo ya 1973 na ya 2023 hayawezi kwenda sambamba, maana kati yake ipo miaka 50. Lakini Ottman anamwonyesha Magneto, mwenye uwezo wa kuamrisha chuma, akiunyanyua uwanja mzima wa michezo na kuizingira nao White House, anakata, tuko China na roboti zinavunja mlango, anakata tena, tumerudi Washington. Anazisuka nyakati mbili kama ukili, na mtazamaji anaamini kabisa kwamba dakika ya huku inakula dakika ya kule. Hakuna mhusika aliyelieleza hilo kwa kirefu. Mkato umelieleza.

Kuna na tukio la jikoni, ndani ya Pentagon. Walinzi wamefyatua risasi, nazo zimeganda hewani. Quicksilver, kijana mwenye mbio za ajabu, anakimbia juu ya ukuta, anaonja mchuzi uliorushwa, anazigusa risasi kwa ncha ya kidole na kuzipinda njia, huku wimbo wa Jim Croce ukienda taratibu bila wasiwasi wowote. Kisha mwendo unarudi wa kawaida na kila alichokipanga kinatokea kwa mpigo mmoja. Utamu wote umo katika kujua ni wakati gani wa kuachia.

Kwangu, hata hivyo, kipimo kikubwa cha mhariri ni kile anachokitupa. Anna Paquin, aliyecheza Rogue tangu filamu ya kwanza ya mwaka 2000, alirekodiwa katika kisa kizima cha kuokolewa ili ampokee Kitty kazi baada ya Kitty kujeruhiwa. Kikaondolewa karibu chote. Akabaki kuonekana sekunde chache mwishoni. Uamuzi mchungu kwa mwigizaji, na ulikuwa sahihi. Bila Rogue hakuna wa kumpokea Kitty: anavuja damu huku mikono yake ikibaki kichwani mwa Wolverine hadi mwisho, na kila tunaporudi China tunamkuta amezidi kudhoofika.

Mwaka 2015 kisa hicho kilirudishwa katika toleo refu, The Rogue Cut. Tazama kwanza lile la sinema, kisha hili, uone mkasi ulifanya nini. Na majina yakianza kupita usiinuke: la Ottman limo mara mbili, kwa uhariri na kwa muziki.