Chungu cha Wazalia: Mapishi ya Melaka Mbele ya Meza ya Mgeni

Mji wa Melaka, katika pwani ya magharibi ya Malaysia, uliingizwa pamoja na George Town wa Penang katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008. Sababu zilizotajwa zilikuwa biashara ya karne nyingi baina ya Mashariki na Magharibi, mila za mataifa mbalimbali zilizo hai mpaka leo, na majengo yasiyo na mfano wake kwingineko. Majengo hayo yana sheria ya kuyalinda. Mwenye nyumba hawezi kubomoa ukuta wa mbele wala kubadili paa apendavyo. Chungu hakina sheria kama hiyo. Mtu aweza kukiondolea kitu hiki na kile mwaka hata mwaka, akaendelea kukiita kwa jina lile lile, na hapana mkaguzi atakayebisha hodi. Ukaguzi huo umewaangukia walaji, na walaji walio wengi ni wapita njia. Ndiyo maana naona yafaa mapishi ya mji ule yahakikiwe kama yanavyohakikiwa mashairi, yaani kwa kuuliza kilichotiwa, kilichoachwa, na ni nani aliyelipa gharama.

Neno Peranakan limetoka katika neno la Kimalei anak, yaani mtoto, na maana yake ni watu waliozaliwa papo hapo walipo. Kwa Kiswahili twaweza kuwaita wazalia. Wanaume wao huitwa Baba na wanawake huitwa Nyonya. Mababu zao walikuwa wafanya biashara wa Kichina, wengi wao kutoka Fujian, walioifuata misimu ya pepo mpaka Mlango wa Bahari wa Melaka, wakakaa, wakaoa wanawake wa pwani na visiwa vile. Watoto walishika majina na ibada za baba, wakashika ulimi na jiko la mama. Msomaji wa pwani yetu hahitaji kufundishwa jambo hili kwa kirefu. Tomé Pires, Mreno aliyekaa Melaka miaka michache baada ya Wareno kuuteka mji mwaka 1511, aliwataja watu wa Kilwa na wa Malindi miongoni mwa wageni waliokuja kufanya biashara katika bandari ile. Pepo zilizowapeleka ndizo zilizotuletea sisi nasaba, misamiati na viungo vya mchuzi.

Wala Wachina si wazalia peke yao. Wako Chitty, wenye asili ya Kihindi na dini ya Kihindu, ambao lugha yao ya nyumbani ni Kimalei. Na wako Kristang, wenye damu ya Kireno, wakaao Ujong Pasir kando ya bahari. Mwandishi wa kitabu cha wasafiri huwapa hao mstari mmoja, au huwaacha. Mimi nitawarudia baadaye, kwa sababu chungu cha Nyonya hakieleweki pasipo wao.

Kama ingenipasa kuchagua chakula kimoja cha kuwapima wapishi wa Melaka, ningechagua kuku wa keluak. Keluak ni mbegu ya mti mkubwa wa misitu ya nchi zile, na ikiwa mbichi ina sumu ya namna ile ile iliyomo katika muhogo mchungu. Huchemshwa, kisha hufukiwa katika majivu kwa muda wa siku kama 40, mpaka nyama yake nyeupe igeuke kuwa nyeusi kama wino. Hapo ndipo huuzwa, na zile zinazofika Melaka aghalabu zatoka Indonesia. Mnunuzi naye hapumziki. Huziloweka siku kadhaa, akibadili maji kila siku, huzisugua, hutoboa tundu katika ganda gumu, huchokoa nyama yote na kuionja moja moja, maana mbegu moja iliyooza huharibu chungu kizima. Nyama hiyo hupondwa pamoja na nyama ya kusaga au kamba, ikatiwa chumvi na sukari kidogo, ikarudishwa ndani ya ganda lake. Mwisho maganda yale hupikwa pamoja na kuku katika mchuzi wa ukwaju, na mlaji huchokoa kwa kijiko chembamba. Ladha yake haina mwenzake: ina uchungu kidogo, ina unono, na ina harufu ya udongo ulionyeshewa na mvua ya kwanza. Wako wasioipenda hata kidogo, na siwalaumu.

Nimekitaja chakula hiki kwa urefu kwa sababu hakina njia ya mkato isiyojulikana na mlaji. Mwenye haraka huchanganya keluak kidogo na nyama nyingi ili ganda lijae. Uweusi hubaki, lakini uchungu hutoroka. Mwenye haraka zaidi huikoroga nyama yenyewe katika mchuzi na kuliacha ganda kando. Mchuzi wa namna hii waweza kuwa mtamu, lakini umemnyima mlaji ile kazi ndogo ya kutafuta kilichofichwa, ambayo ndiyo nusu ya maana ya chakula hiki.

Msingi wa jiko la Nyonya ni rempah, yaani viungo vibichi vilivyotwangwa pamoja: pilipili, vitunguu vidogo, manjano, mchaichai, kokwa zenye mafuta, na belacan, ambayo ni uduvi uliovundikwa kwa chumvi, ukapondwa na kukaushwa juani. Kinu ni cha jiwe. Tofauti ya kinu na mashine si hadithi ya wazee wapendao zamani. Kisu cha mashine huzikata nyuzi za mchaichai. Mchi huziponda mpaka zitoe mafuta yake. Tena mashine hudai maji ili izunguke, na maji hayo sharti yakauke chunguni kabla viungo havijaanza kukaangika. Mpishi asiye na subira hutia tui la nazi mapema, kabla mafuta hayajapanda juu, na mchuzi huo huwa na harufu ya vitunguu vibichi hata ukipambwa vipi. Wapishi wetu wa Lamu na Unguja watalifahamu kosa hili bila ya mkalimani.

Penang ina mapishi yake mbali. Huko laksa ni ya samaki na ukwaju, kali na chachu, yenye ua la jamii ya tangawizi, kwa kuwa jiko la kaskazini lilijifunza mengi kutoka Siam. Laksa ya Melaka ni ya tui zito. Kugombana ipi ni bora ni mchezo wa vijana.

Nyumba za kulia za Melaka zimekusanyika katika njia 2 za zamani na vichochoro vyake: Jalan Hang Jebat, ijulikanayo zaidi kwa jina la Jonker, na Jalan Tun Tan Cheng Lock, iliyoitwa Heeren zamani za Waholanzi. Tun Tan Cheng Lock mwenyewe alikuwa Baba wa mji huu, aliyezaliwa mwaka 1883. Nyumba za njia hiyo ni nyembamba kwa mbele na ndefu mno kwa ndani, zenye nyua zilizo wazi kwa mwanga na mvua, na jiko liko nyuma kabisa. Zamani nyuma hiyo ilielekea bahari; leo bahari imesukumwa mbali kwa ardhi iliyojazwa. Sheria ya mwaka 1966 ilizuia kodi za nyumba kongwe zisipande. Ilipofutwa, tangu Januari 1 ya mwaka 2000, kodi zilipanda katika miji yote miwili, na wapangaji wengi, pamoja na mafundi na wachuuzi wadogo, walihama. Baadhi ya nyumba ziliachwa tupu, na nyingine zikawa hoteli, makumbusho na mikahawa.

Basi mgeni huketi leo mahali ambapo mgeni wa zamani asingepita. Chini pana vigae vya maua, ukutani pana picha za mababu wa mtu, mezani pana vyombo vya rangi ya waridi na kijani. Yote hayo yapendeza, na yote hayo yadanganya kwa namna fulani, kwa sababu sebule ile ilikuwa ya wanaume, madhabahu na mikataba ya biashara, na chakula kilitoka gizani nyuma. Mikahawa mingi yauza sebule kwa bei ya jiko. Huko Jonker, katika soko la usiku la mwisho wa juma, umati hupanga mstari kwa ajili ya wali wa kuku uliofinyangwa kama mipira, chakula cha wahamiaji kutoka Hainan, huku wengi wakidhani kuwa wanakula chakula cha Nyonya. Sina ugomvi na mipira hiyo. Nagombana na kibandiko.

Wanaoomboleza husema kuwa jiko la Nyonya lilikufa siku lilipoanza kuuzwa, na kwamba chakula cha kweli kilikuwa nyumbani tu. Hoja hii ina ukweli ndani yake, lakini imeacha jambo kubwa. Nyumbani hapo alikuwako nani? Alikuwako msichana aliyefungiwa ndani tangu kubaleghe, akafundishwa kushona shanga na kutwanga viungo, na husimuliwa kwamba mama wa mchumba aliweza kumpima mwari kwa kusikiliza mlio wa mchi wake. Subira ya siku kadhaa kwa mbegu ya keluak ilipatikana kwa sababu siku za wanawake hao hazikuhesabiwa kuwa na bei. Stella Kon ameliona jambo hili katika mchezo wake wa mtu mmoja, Emily of Emerald Hill, ulioonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1984. Emily, binti asiyetakiwa, anajipatia enzi katika nyumba ya mumewe kwa kulisha, kupamba na kutawala. Na enzi hiyo hiyo inamgharimu mwana aliyempenda kuliko wote. Msomaji asiyeona uhusiano wa chungu na msiba katika mchezo ule amesoma nusu yake.

Kwa hiyo siwezi kuungana na waombolezaji moja kwa moja. Mke wa Baba aliyepika bure miaka 50 hakuwa na hali bora kuliko mpishi wa mkahawa apokeaye mshahara, ingawa mchuzi wake huenda ulikuwa bora. Kama twautaka mchuzi ule, haki ni kuulipia saa zake. Bakuli la keluak likiwa ghali, sioni kosa. Likiwa rahisi kama wali wa mitaani, ndipo niulizapo ni kazi gani iliyorukwa.

Wako pia wanaosema kwamba siri ya jiko hili ni agak-agak, yaani kukisia bila mizani, na kwamba kuandika vipimo ni kuliua. Mwaka 1974 Mama Lee Chin Koon wa Singapore, mama yake Lee Kuan Yew, alichapa kitabu cha mapishi ya Kinyonya, katika jamii ambayo familia zake zilificha mapishi hata kwa jamaa. Alitenda vyema. Kukisia ni elimu ya mtu aliyesimama kando ya mama yake miaka 10. Asiye na mama jikoni hakisii, hubahatisha. Kitabu hakimfanyi mtu kuwa mpishi, lakini humwonyesha pale alipopotea.

Jambo la nguruwe ni zito zaidi. Pongteh, nyama iliyopikwa taratibu kwa soya iliyovundikwa na sukari ya mnazi, kwa asili ilikuwa ya nguruwe, na mikahawa mingi leo huipika kwa kuku ili jirani Mwislamu aweze kuketi. Wengine huita haya ni kupotosha. Kwa maoni yangu hii ndiyo desturi ya wazalia hasa: jiko lililozaliwa kwa kukutana na Wamalei haliwezi kudai usafi kwa kuwafukuza Wamalei mezani. Ila kuku huiva upesi, na mpishi asipopunguza moto mchuzi hubaki mwepesi kabla sukari haijashikamana na soya. Lawama yangu ni juu ya moto.

Nasalia na cincalok, uduvi mdogo uliotiwa chumvi na wali, ukaachwa uchachuke chupani, kisha huliwa kwa ndimu, vitunguu na pilipili. Huyu ni uduvi wa maji ya kina kifupi, na Kristang wa Ujong Pasir ndio waliojulikana kwa kuutega kwa nyavu za kusukuma kwa miguu. Kila fungu la ardhi linalojazwa baharini hupunguza maji hayo. Kibakuli hiki huletwa mezani bila kuagizwa wala kuelezwa, na mgeni hukisukuma kando kwa sababu ya harufu. Orodha za vyakula za mikahawa ile hueleza kwa mistari mingi vigae vimetoka Ulaya mwaka gani. Zingeandika pia jina la ufuko uliotoa uduvi huu, na kama ufuko wenyewe ungali upo.