Kidole Juu ya Kano

"Shikamoo, baba."

Sauti ilitokea kushoto, baba mkubwa akaitafuta kulia. Kiharusi kilikuwa kimempiga upande wa kulia wa ubongo, kwa hiyo mkono na mguu wa kushoto vilikuwa vimelala. Tena si hivyo tu. Upande wote wa kushoto wa dunia ulikuwa kama umefutwa: wali uliokuwa kushoto mwa sahani aliuacha, na shavu la kushoto alilisahau wakati wa kunyoa. Kwa huruma, mimi nilikuwa nakaa kulia kwake wiki nzima, mahali anaponiona bila taabu. Dada wa mazoezi hakwenda huko. Alibaki palepale penye giza, akarudia, "Shikamoo, baba," kisha akasubiri.

Mzee wa kizazi chake haachi shikamoo ining'inie. Shingo iligeuka kidogo, ikapumzika, ikageuka tena, hadi macho yakamfikia. "Marahaba."

Nilidhani nimeshuhudia adabu njema. Ilinichukua siku kadhaa kujua kwamba tiba ilikuwa imeshaanza.

Kazi ya dada huyu haijapata jina moja mdomoni mwa watu. Vyeti vinasema fiziotherapia, serikalini utasikia huduma za utengamao, na kwenye benchi la kusubiri watu huuliza tu, "Mtu wa mazoezi kafika?" Wengine humwita mkandaji, na yeye hununa kidogo, ingawa sidhani ni tusi. Bibi zetu walijua kukanda kwa maji ya moto na kuchua kwa mafuta, na mikono yao ilijua mengi. Tatizo ni neno masaji, ambalo mjini halitajwi bila mtu kukonyeza. Konyezo hilo ni la zamani. Mwaka 1894 magazeti ya London yalijaa kashfa za nyumba za masaji zilizouza kitu kingine, na wauguzi wanne wakaunda chama chao ili aliyefunzwa atofautishwe na asiyefunzwa. Chama hicho ndicho kilichokua kikawa chama cha wafiziotherapia wa Uingereza. Kenya ilitungia taaluma hii sheria yake mwaka 2014, yaani miaka 120 baadaye.

Dada huyo alikuwa na mwanafunzi, kijana wa mwaka wa mwisho aliyekuja kwa mafunzo ya vitendo. Alisoma PCB (fizikia, kemia na baiolojia), akajaza udaktari chaguo la kwanza, akapata hii. "Nilinuna muhula mzima," aliniambia. Kilichomtoa kwenye kununa ni somo la kushika. Darasani wanaanza na maiti katika chumba cha anatomia, kisha wanahamia kwa walio hai, yaani wao wenyewe. Wanavaa bukta na kuchorana kwa kalamu: msuli huu unaanzia hapa, unaishia hapa, neva inapita katikati. Mwanafunzi mwembamba hugombewa mwanzoni kwa sababu mifupa yake inasomeka. Mtihani ukikaribia hugombewa mnene, maana wagonjwa hawaji wakiwa wamechorwa. Wanajifunza kusoma pembe ya goti kwa kipimapembe chenye mikono miwili, kusikiliza mapafu, kumgeuza mtu mzito bila kuvunja mgongo wako. Diploma ni miaka mitatu. KCMC, Moshi, wamekuwa wakifundisha fani hii tangu miaka ya 1970, na kwa Kenya vyuo vya KMTC vimetoa wengi. Lakini nilipomuuliza yule kijana ni lini alijiona amekuwa mtu wa kazi hii, hakutaja cheti. Alitaja namba moja.

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa sijaona kitu kizuri kama hiki katika kazi ya mikono.

Nguvu ya msuli hupimwa kuanzia 0 hadi 5. Tano ni msuli mzima, unaosukuma mkono wa mpimaji. Nne unasukuma, lakini unashindwa mapema. Tatu unaweza kuinua kiungo dhidi ya mvuto wa dunia, basi. Mbili hauwezi kuinua, ila ukimlaza mgonjwa ubavu ili uzito usihusike, mguu huteleza juu ya shuka. Sifuri ni kimya. Mzizi wa kipimo hiki uko Boston, kwa daktari wa mifupa Robert Lovett na msaidizi wake Wilhelmine Wright, waliowapima watoto wenye polio. Wright alichapisha maelezo yake mwaka 1912, na tangu hapo namba zimenyooshwa mara nyingi.

Na moja? Moja mara nyingi haionekani. Kiungo hakisogei hata kwa upana wa unywele. Kuna mtetemo tu ndani ya msuli, na pengine njia pekee ya kuupata ni kuweka kidole juu ya kano na kungoja.

Siku ile kijana aliweka kidole chini ya pia ya goti la kushoto la baba mkubwa. "Baba, sukuma kisigino mbali." Goti lilitulia kama jiwe. Kijana alingoja, akasema, "Sifuri." Dada hakumkosoa. Aliweka kidole chake palepale, akamwambia mzee afumbe macho akumbuke anapiga mpira. Tukanyamaza. Feni ilizunguka. Nadhani ilipita dakika nzima, na dakika nzima ya kimya hospitalini ni ndefu. Kisha akakichukua kidole cha kijana, akakiweka chini ya chake. "Tena, baba. Golini." Niliona nyusi za kijana zikipanda.

"Moja," alisema, kwa sauti ya mtu aliye msikitini.

Mimi sikuona chochote. Baba mkubwa pia hakuona, na alikataa kuamini mpaka wakati wa chai.

Siku nyingine aibu ilikuwa yangu. Nilitaka kumsogeza mzee kitandani, nikamvuta mkono wa kushoto. "Kaka, huo si mpini wa jembe!" Bega, dada alinieleza, ni mpira mkubwa uliokaa kwenye kisahani kidogo, na kinachouzuia usitoke hasa ni misuli iliyokazwa pande zote. Misuli ikilegea, uzito wa mkono peke yake unatosha kuuteremsha mpira, na ndugu mwenye upendo humalizia kazi kwa kuvuta. Maumivu ya bega hilo yanaweza kumfanya mgonjwa akimbie mazoezi kwa miezi. Tangu siku hiyo mkono ulilala juu ya mto.

Kumsimamisha mzee ndiko kulikonionyesha kipimo cha ufundi wa dada. Sisi ndugu tulikuwa tunamnyanyua kwa makwapa, juu, kama gunia. Yeye alianzia chini. "Miguu nyuma, baba. Visigino vije chini ya magoti. Sasa inama, pua ivuke vidole vya miguu." Jaribu mwenyewe kusimama ukiwa umenyoosha mgongo wima na miguu iko mbele, kiti hakitakuachia. Mwili hupanda kwa kwenda mbele kwanza, jambo tunalolifanya kila siku na hatujawahi kuambiwa. Goti lake alilibana mbele ya goti legevu la mzee lisikunjike, kiganja kimoja nyuma ya nyonga. Wiki ya kwanza kiganja kizima. Wiki ya tatu vidole viwili. Baadaye kiganja kilikuwa hewani, upana wa sarafu kutoka kwenye shati, kikimfuata mzee bila kumgusa. Ubongo, anasema, haujifunzi kwa kubebwa. Kwa hiyo kila siku alikuwa anapima msaada wa kutoa, na zaidi msaada wa kunyima, na mzee asitambue kwamba amenyimwa.

Mwili nao ni mlaghai. Ukiuambia uinue mguu, unainua nyonga na kuyumbisha kiuno, na mtazamaji kama mimi anapiga makofi. Dada hakupiga. "Nzuri, baba. Sasa nipe ya kweli."

Wiki ya nane tuliwakuta kwenye reli mbili za kushikilia. Dada alisimama kushoto, mikono ameifunga nyuma, kimya. Hakusalimia. Mzee aliinuka kitini mwenyewe, akayumba. Kijana akaruka kumshika, dada akamzuia kwa jicho. Mzee alijiweka sawa, akapumua. Kisha shingo ikageuka kushoto, pasipo mtu kuiita.

"Wewe binti," alisema, "leo mbona hunisalimii?"