Mgawo, Fadhila na Ushindani katika «Adili na Nduguze»

Imezoeleka kuisoma «Adili na Nduguze», hadithi ya Shaaban Robert iliyochapishwa mwaka 1952, kama kisa cha wema uonewao kijicho. Majina yenyewe yatuelekeza huko: Adili upande mmoja, Hasidi na Mwivu upande wa pili. Msomaji apewa hukumu kabla hajaisikia kesi. Twataka hapa kuirudia kesi hiyo, kwani ndani yake mna swali ambalo matukio hulijibu vizuri kuliko mawaidha ya mwandishi: ni lini mtu hukubali kushindana na mwenziwe, na ni lini huyaacha mashindano akashika hila?

Tuanze na urithi. Baba afa, na mali yake yagawanywa sawa kwa ndugu watatu. Hasidi na Mwivu hawanung'uniki. Watwaa mafungu yao, wanunua bidhaa, wasafiri ng'ambo kutafuta faida. Adili abaki dukani. Kila mmoja ana mtaji wake, na apataye hasara, hasara ni yake. Tena, katika hatua hii hao wawili ndio wenye ujasiri, maana wao ndio wanaoikabili bahari. Majina waliyobandikwa hayajapata kazi bado.

Warudi mikono mitupu. Adili awapokea na kuwagawia alichokichuma. Kwa hesabu tupu, mgawo huu haupitwi na ule wa kwanza. Lakini asili yake ni nyingine kabisa: fungu la kwanza lilikuwa haki yao, la pili ni hisani ya ndugu. Tangu hapo hawashindani tena na soko wala na bahari. Washindana na Adili. Mwandishi aeleza mabadiliko haya kwa wivu wa tabia. Maelezo hayo hayatutoshelezi, kwa kuwa tabia ile ile haikuwazuia kufanya biashara halali walipokuwa na mali isiyo na mfadhili.

Msomaji wa Kongo ana sababu ya kulitazama jambo hili kwa makini. Katika miaka ya 1970, nchi ilipoitwa Zaire, nafasi za chuo kikuu ziligawanywa pia kwa kufuata mikoa. Nia iliyotangazwa ilikuwa usawa, na haikuwa nia ya kudharauliwa. Hata hivyo, mtahiniwa anayeamini kwamba nafasi hutolewa na mkono wa mtu hupunguza kusoma na kuanza kumtafuta mtu huyo. Si uvivu, ameusoma mchezo jinsi anavyoonyeshwa kuwa unachezwa.

Turudi kwenye hadithi. Katika safari ya pamoja, Adili apata mali na Mwelekevu katika mji ambao watu wake wamegeuka mawe. Mali yaweza kukatwa mafungu matatu, Mwelekevu hawezi. Hapo usawa wa mizani, ambao Adili ameutegemea tangu mwanzo, waishiwa na nguvu, nao ndugu wamtupa baharini. Kosa hilo halina utetezi, wala hatuutafuti. Twasema tu kwamba limeandaliwa na zaidi ya roho mbaya.

Kuna ushahidi kwamba Shaaban Robert mwenyewe aliuhisi uzito huu. Kisa kama hiki kimo katika «Alfu Lela Ulela»: huko liwali wa Basra huwapiga kila usiku mbwa wawili, nao ni ndugu zake. Wakisha kurudishiwa umbo la kibinadamu, humwua, nao huuawa. Shaaban Robert amewafanya manyani, akabakiza kiboko cha kila usiku kwa amri ya Huria, lakini akakataa mwisho wa damu. Ndugu hao wawili wasamehewa na kurudi kuwa watu. Badiliko hilo ni kubwa kuliko yote aliyoyafanya, na kwa maoni yetu ndilo linalokipa kitabu uhai wake: huwezi kumsamehe mtu ambaye uovu wake ni jina lake.

Ila msamaha wenyewe wapatikana kwa maombezi ya Rai, mfalme wa Ughaibuni. Kwa mara nyingine tena, Hasidi na Mwivu wapokea kutoka mkononi mwa mkubwa.