Asha na Mbegu Moja: Kuisoma Pumzi kwa Jicho la Usonji

Filamu fupi ya Wanuri Kahiu, Pumzi, haimtaji mtu mwenye usonji hata mara moja. Ilitengenezwa mwaka 2009, ikaonyeshwa kwenye tamasha la Sundance Januari 2010, na tangu hapo wengi wameisoma kama filamu ya mazingira: maji yamekwisha, ardhi imekufa, mwanamke mmoja, Asha, anapanda mti. Usomaji huo si wa makosa, ila unaishia kwenye maudhui. Ukiifuata fani yake, namna inavyonyamaza, inavyotua juu ya kitu kimoja na kukaa hapo, utaona kwamba Kahiu amemuumba mhusika ambaye mtu mwenye usonji anaweza kumtazama akasema: huyu ni wa kwetu. Hoja yangu ni kwamba undugu huo umo kwenye fani kuliko kwenye kisa. Tena, kisa kinapofika mwisho, kinamtoza Asha gharama ambayo fani haikumdai.

Kwamba watu wenye usonji hujitambua katika wahusika wa hadithi za kisayansi ni jambo linalojulikana. Temple Grandin, profesa wa Marekani wa elimu ya mifugo na mmoja wa watu wenye usonji wanaojulikana zaidi duniani, ameandika kuhusu undugu anaouona kati yake na Data, yule roboti wa Star Trek aliyeingia kwenye televisheni mwaka 1987. Kabla ya Data alikuwapo Spock, katika Star Trek ya kwanza, tangu 1966. Wote wawili wanatazama desturi za binadamu kutoka pembeni, wanauliza maswali ambayo wengine huona aibu kuyauliza, na katika vyombo vyao vya angani hakuna anayewapeleka hospitali kwa sababu hiyo. Mtu ambaye tangu utotoni ameambiwa kwamba ana kasoro hukutana hapo na mtu wa aina yake aliyepewa kazi, cheo na heshima.

Pamoja na wahusika hao kuna suala la mapenzi makubwa juu ya kitu kimoja: treni, sayari, wadudu, ramani. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani wa mwaka 2013 unayaweka mapenzi hayo kwenye orodha ya dalili. Dinah Murray na wenzake, katika makala yao ya 2005, walilitazama jambo hilo kutoka upande mwingine. Walisema kuna akili zinazomimina nguvu zao zote kwenye mkondo mmoja badala ya kuzigawa kwenye vijito vingi. Kwa maoni yao, hiyo ndiyo namna ya akili hizo kufanya kazi, na mengi yanayoitwa dalili yanatokana nayo. Mzozo huu kati ya dalili na njia ya kujua ndio ninaotaka kuutazama ndani ya Pumzi.

Na nataka tuutazame tukiwa Mukuru kwa Njenga, mtaa wa mabanda jijini Nairobi. Spock na Data wanasafiri katika vyombo visivyopungukiwa na kitu. Asha anaishi katika eneo la Afrika Mashariki, miaka 35 baada ya vita vya tatu vya dunia, vita vya maji, na kila tone analokunywa limehesabiwa. Mkazi wa Mukuru hahitaji kuelezwa hesabu hiyo. Huko maji hununuliwa kwa mtungi, na watafiti waliofanya kazi na Muungano wa Wanavijiji, shirikisho la wakazi wa mitaa ya mabanda, wameonyesha kwamba maskini wa Mukuru huyalipia maji ghali kuliko mitaa yenye mabomba ndani ya nyumba. Serikali ya Kaunti ya Nairobi ilipoitangaza Mukuru kuwa eneo maalumu la mipango mwezi Agosti 2017, palihesabiwa kaya zipatazo 100,000 katika Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani, kando ya Mto Ngong na viwanda vya Industrial Area. Kwa mtazamaji wa hapo, dunia ya Asha haiko mbali hata kidogo.

Tuanze na kauli. Katika jamii ya Maitu anamoishi Asha, watu hawapigi stori. Yeye ni mtunzaji wa makumbusho ya viumbe vilivyotoweka, anakaa peke yake mezani, na maneno yake kwa wakubwa yanapitia kwenye kompyuta. Sauti inayosikika kwa ukali ni ya mashine, inayotoa amri na kuonya. Mtu anaweza kusema huu ni ukimya wa utawala wa kimabavu, na atakuwa amesema kweli. Ila ukimya huo una upande wa pili. Asha hatakiwi kumkazia mtu macho ndipo aaminike, wala hatakiwi kuchangamka ndipo apendwe. Tunamfahamu kwa vidole vyake na kwa mahali anapoelekeza macho. Watu wengi wenye usonji wasiozungumza kwa mdomo huwasiliana kwa kuandika kwenye simu au kwa kuonyesha picha, na katika filamu nyingi mtu wa namna hiyo huwekewa mwenzake wa kumsemea. Kahiu hakumwekea Asha msemaji. Amemwachia mwigizaji, Kudzani Moswela, uso uliotulia na mikono yenye shughuli, na filamu ya dakika 21 hivi inasimama juu ya hivyo viwili.

Sehemu iliyojaa zaidi ni ile ya udongo, na inafaa kuitazama taratibu. Kifurushi kinafika mezani bila jina la mtumaji. Ndani yake mna udongo. Asha anaupima: una maji mengi na hauna mionzi. Kisha anaunusa, na ndoto inamchukua, anauona mti wenye majani mabichi. Akizinduka anaichukua mbegu iliyokuwa ya maonyesho tu, imefungiwa ndani ya chupa, anaipanda katika udongo ule na kuinywesha maji ya mgao wake. Mbegu inachipua.

Tazama jinsi mfuatano huo ulivyojengwa. Kuna kupima, kunusa, kuota, kupanda, kunywesha na kungoja, na hakuna hatua hata moja inayomhusu mtu mwingine. Kamera inasogea hadi tunauona udongo kwa ukubwa anaouona yeye, na dunia iliyobaki inakuwa nje ya fremu. Mwandishi mwoga angemletea Asha rafiki wa kumuuliza anafanya nini, ili mtazamaji asichoke. Kahiu anatuamini kwamba punje ya udongo inatosha. Hapo fani inafanya jambo ambalo maelezo ya kitabibu hayawezi: inatuweka ndani ya mkondo mmoja wa akili, tukaonja utamu wake kabla hatujapata nafasi ya kuuita tatizo. Aidha, katika mantiki ya kisa, ni mkondo huo tu unaoufikia ukweli. Baraza linaloitawala Maitu lina vyombo vyote vya kupimia, na bado linashikilia kwamba nje hakuna uhai. Hakuna mjumbe wake aliyeunusa udongo.

Zipo pia dawa za kuzima ndoto. Filamu inapoanza Asha amelala mezani akiota, na mashine inamgutusha na kumwamuru ameze kidonge. Katika taswira hiyo, walezi wa watoto wenye usonji wataona jambo la kila siku. Mtoto anayepanga vifuniko vya soda kwa rangi, au anayetaja matatu zote zinazopita mitaa ya Pipeline na Imara Daima kwa majina na michoro yake, huambiwa aache, aketi, awe kama wenzake. Nia ya mzazi huwa njema, kwa sababu mtaani kuna macho ya majirani. Pumzi inaonyesha upande wa aliyemezeshwa kidonge: kinachozimwa ndicho alichokuwa akijulia dunia.

Takriri nayo ina kazi. Asha anaukusanya mkojo wake na jasho lake, vinasafishwa, anakunywa, na mzunguko unaanza tena. Watu wengine wanakanyaga mashine za mazoezi kuzalisha umeme. Marudio haya ni kifungo, lakini pia ni utaratibu ambao Asha anaumudu kwa utulivu mkubwa, na Kahiu anautumia utaratibu huo kuandaa tukio dogo kuliko yote na zito kuliko yote. Msalani yupo mwanamke anayefanya usafi. Asha anammiminia sehemu ya maji yake. Haichukui muda, haisindikizwi na muziki wa kutoa watu machozi, wala hakuna hotuba ya shukrani.

Kuna kashfa ya zamani kwamba watu wenye usonji hawana huruma. Mwanasosholojia Damian Milton, ambaye mwenyewe ana usonji, alijibu mwaka 2012 kwamba kutoelewana huko kuna pande mbili: asiye na usonji naye hushindwa kumsoma mwenye usonji, ila yeye hapewi jina la ugonjwa. Tukio la msalani lingeweza kuwekwa kando ya hoja hiyo kama mfano wake. Huruma ya Asha haina maneno wala tabasamu la kuonyesha watu. Ni maji, yaliyopungua kwenye chupa moja na kuongezeka kwenye nyingine. Na mwanamke yule ameisoma barabara, kwa kuwa baadaye ndiye anayemsaidia Asha kutoroka.

Kabla ya kutoroka kuna uvamizi. Asha anaomba ruhusa ya kutoka nje, ananyimwa, kisha walinzi wanayavunja makumbusho yake na yeye anapelekwa kukanyaga mashine. Kwa mtu ambaye mpangilio wa vitu ndio unaomshikilia, kuvunjiwa meza ni kuvunjiwa dunia. Mukuru kwa Njenga inaelewa hili bila mkalimani. Oktoba na Novemba 2021, matingatinga yalibomoa makazi ya maelfu ya watu hapo kupisha barabara ya kuunganisha na Nairobi Expressway. Habari zilihesabu mabati na familia. Mtoto aliyejua kila kona ya ploti yao kwa mpangilio usiobadilika, kisha akaamka ploti haipo, hakuwa na safu kwenye hesabu hizo.

Linganisha fani hii na namna ambavyo hadithi za kisayansi huwafikia watu wa Eastlands, upande wa mashariki wa Nairobi, kwa kawaida. Katika vibanda vya video, filamu za roboti na vyombo vya angani zimepita kwa miaka mingi kupitia kwa DJ Afro na wenzake, wanaosimulia juu ya picha kwa Kiswahili na Sheng, wakiwasemea wahusika, wakitania, wakieleza nani mbaya na nani mwema. Siidharau sanaa hiyo. Kwa mtazamaji mwenye usonji inaweza kuwa msaada mkubwa, kwa sababu inatamka waziwazi yale ambayo filamu hutarajia uyasome kwenye nyuso, na maneno yake yanayorudiwa yanashikika kichwani na kuweza kutumiwa tena. Pumzi inatoa kinyume chake. Haielezi nyuso, ila haikuulizi pia uzisome. Inakupa vitu, vipimo na harufu. Ni njia mbili za kumpokea mtazamaji mmoja, na mtaa unazihitaji zote.

Hata hivyo, mwisho wa filamu unanikwaza. Asha anavuka jangwa lililojaa takataka akiwa na mche wake, anafika, anaupanda, anaumwagia maji ya mwisho, kisha anaukinga jua kwa mwili wake hadi anakata roho. Kamera, iliyokuwa karibu naye muda wote, inapaa juu na kumwacha chini, na mti unakua pale alipolala. Picha ni nzuri sana. Lakini tuangalie kilichotokea kwenye fani: jicho lililoiona dunia kwa ukubwa wa punje sasa linaiona kutoka angani, na katika mabadiliko hayo Asha anageuka mbolea. Filamu imetufundisha kuthamini mkondo wake wa akili, kisha ikamruhusu kubaki shujaa kwa sharti kwamba afe. Data naye alifia wenzake katika filamu ya 2002. Mhusika wa namna hii hupewa heshima kwa wingi siku anapoacha kuwa mzigo kwa mtu.

Mtu anaweza kunijibu kwamba kufa kwa Asha ni ishara tu, kwamba amekuwa msitu. Nakubali kwamba ni ishara, na ndiyo maana naipinga. Mtoto wa Mukuru anayejiona ndani ya Asha atajiona hadi mwisho, na huko mwisho anaambiwa kwamba kipaji chake kina faida kwa wengine baada ya yeye kuondoka. Rivers Solomon, katika riwaya An Unkindness of Ghosts ya mwaka 2017, ana mhusika wa aina ya Asha, Aster, mwanamke mweusi ndani ya chombo cha angani, na amemwacha hai. Inawezekana basi.

Hukumu yangu ni hii. Kwa fani, Pumzi ni moja ya kazi bora kabisa za Afrika Mashariki katika kuonyesha jinsi akili inayozama kwenye kitu kimoja inavyofanya kazi, na inastahili kuonyeshwa kwenye madarasa ya watoto wenye mahitaji maalumu na kwenye vibanda vya video vya Mukuru, kwa sauti ya chini. Kwa kisa, imeacha deni. Waandishi wa Kiswahili, ambao tayari wana mfano wa Katama Mkangi aliyeandika Walenisi, riwaya yenye sura ya hadithi ya kisayansi, mwaka 1995, wanaweza kulilipa. Watuandikie Asha anayeupanda mti, anayekunywa maji yake mwenyewe, na kurudi nyumbani kuupima udongo mwingine.