"Yesterday" Ikae Wapi? Mahali pa Wakati katika Sentensi ya Kiingereza

"I saw yesterday Juma." Maneno yote manne ni sahihi na tahajia haina dosari, lakini mwalimu yeyote wa Kiingereza ataipigia mstari mwekundu. Tatizo ni mahali ilipokaa "yesterday".

Kosa hili lina mantiki kwa anayefikiri kwa Kiswahili. Kitenzi chetu hubeba mengi: ndani ya "nilimwona" wamo aliyeona na aliyeonwa. Ukisema "nilimwona jana Juma", msikilizaji hapotei, kwa kuwa "-m-" imekwisha kumdokezea kuwa kuna mtu aliyeonwa. "Saw" haimbebi mtu yeyote. Kiingereza humtambua mtendwa kwa nafasi yake, mara tu baada ya kitenzi, ndiyo maana hakipendi kitu kiingie kati yao. Hulegeza kamba pale tu mtendwa anapokuwa na maelezo marefu.

Kwa hiyo wakati hubaki na ncha mbili za sentensi. Mwisho ndiyo makao yake ya kawaida: "I saw Juma yesterday." Mwanzo hufaa unapopanga matukio au kulinganisha siku: "Yesterday I saw Juma, today I saw Asha." Mahali na wakati vikikutana mwishoni, mahali hutangulia: "She went to Mombasa on Friday." Saa na siku zikifuatana, saa kwa kawaida huanza: "at nine o'clock on Monday". Sisi aghalabu huanza na siku: Jumatatu, saa tatu.

Maneno yanayotaja mazoea, kama "always", "often" na "never", yana utaratibu wake. Kwetu mtu "huchelewa kila mara", na tukiufuata mpangilio huo tunaandika "She comes always late". Kiingereza huyaweka kabla ya kitenzi kikuu: "She always comes late." Palipo na "is" au "was", hukaa baada yake: "She is always late." Palipo na kitenzi kisaidizi, hufuata kile cha kwanza: "She has never been late." Lakini "every day", ingawa nayo hutaja mazoea, hurudi kwenye ncha: "She reads the newspaper every day."

Hadi hapo msomaji angeelewa hata ukikosea. Hatari huanza sentensi inapokuwa na vitenzi viwili. Chukua hii: "The teacher said on Friday we would do the test." Ijumaa ni siku ambayo mwalimu alisema, au ni siku ya mtihani? Sentensi inakubali yote mawili, na mwanafunzi anaweza kukosa mtihani kwa sababu hiyo. Kama ni siku ya kusema, ipeleke mwanzo: "On Friday the teacher said we would do the test." Kama ni siku ya mtihani, tanguliza "that": "The teacher said that on Friday we would do the test." Sasa Ijumaa haiwezi tena kurudi kwa "said".

Unapopitia ulichoandika, anza na kila kitenzi chenye mtendwa. Ukikuta neno la wakati limeingia kati yao, lihamishie kwenye ncha. Kisha, penye vitenzi viwili, jiulize wakati huo ni wa kitenzi kipi. Ukishindwa kujibu wewe uliyeandika, msomaji wako hataweza.