Kupima Modeli ya Kioo cha Mlango

Ukitaka kujua ustadi wa mhandisi wa programu za magari, mwombe akufungulie modeli ya kioo cha mlango, kile kinachopanda chenyewe ukigusa swichi mara moja. Kazi yaonekana ndogo: panda, shuka, simama. Lakini Kanuni namba 21 ya Umoja wa Mataifa inataka kioo hicho kirudi chini kabla hakijabana kitu kwa nguvu inayozidi nyutoni 100, nafasi iliyobaki juu ikiwa kati ya milimita 4 na 200. Mkono wa mtoto unaenea humo.

Modeli ni mchoro unaotenda: visanduku na mishale, aghalabu katika Simulink, ambavyo baadaye hugeuzwa na kompyuta kuwa msimbo wa C. Basi usikimbilie kuiendesha. Isome. Ishara ziingie kushoto na kutokea kulia, mistari isipitane ovyo. Ukilazimika kumwita aliyeichora akueleze, hiyo bado.

Kisha tazama mchoro wa hali. Uchoraji huu ulibuniwa na David Harel mwaka 1983, akiwa na wahandisi wa ndege za kivita nchini Israeli, na swali lililouzaa ndilo la kuuliza hata leo: kitufe hiki kikibonyezwa sasa hivi, katika hali hii, nini hutokea? Dereva anapandisha, abiria anashusha, nani anasikilizwa? Umeme ukikatika kioo kikiwa katikati, gari likiwaka tena kitajuaje kilipo? Katika modeli nzuri jibu limechorwa. Katika mbaya limo kichwani mwa mtu.

Penye ustadi hasa ni pale panapoamuliwa kwamba kuna kitu kimebanwa. Mlangoni mara nyingi hakuna sensa ya nguvu. Programu huhesabu mizunguko ya mota na kukisia nguvu kutokana na jinsi inavyopungua kasi. Ila mota hupungua kasi pia betri ikilegea, na mpira wa fremu ukikakamaa kwa baridi. Barabara ya mashimo nayo huitikisa hesabu. Fundi mchanga huijaribu modeli kwa kidole peke yake, akaridhika. Mimi huanza na yale yasiyo kidole, kwa sababu kioo kinachorudi bure kila shimo humfanya dereva atafute njia ya kuizima kinga yake, na hapo mtoto hana mlinzi. Kikomo cha nguvu nacho kiwe na jina na kipimo. Namba tupu iliyofichwa ndani ya kisanduku naihesabu kuwa kosa.

Kagua na saa. Kioo kinachopanda sentimita 15 kwa sekunde husogea milimita 1.5 katika kila hatua ya milisekunde 10, hivyo uamuzi ukichelewa hatua nne, milimita 6 zimekwisha. Kihesabu cha biti 16 kinachoongezwa moja kila hatua hiyo hurudi sifuri baada ya sekunde 655, kama dakika 11. Majaribio mengi niliyoonyeshwa yalikoma kwenye dakika ya pili. Omba liendeshwe la dakika kumi na mbili, kwanza katika modeli, kisha katika msimbo uliozalishwa, ukilinganisha majibu hatua kwa hatua. Yakitofautiana popote, usitie saini.